Barabara Iliyokatizwa Njiani: San Francisco, 1959

Mpango wa barabara kuu za San Francisco, Marekani, ulibuniwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, magari yalipoanza kuzidi uwezo wa mitaa. Barabara ya Embarcadero, ya ghorofa mbili, ilikusudiwa kuunganisha Daraja la Bay na la Golden Gate kupitia ufukweni. Zege liliposimama mbele ya Ferry Building, jengo la vivuko la mwaka 1898, wakazi waliona kwa macho kile ambacho ramani ziliwaficha.

Januari 1959, baraza la jiji lilipiga kura kufuta njia saba kati ya kumi zilizopangwa. Ujenzi wa Embarcadero ukakomea njiani. Mjadala haukuisha hapo: mwaka 1966 baraza lilikataa barabara nyingine kwa kura 6 dhidi ya 5, ingawa fedha nyingi za shirikisho zilikuwa mezani. Mwaka 1986 wapiga kura wenyewe walikataa kuibomoa Embarcadero, jambo la kushangaza kidogo. Tetemeko la Oktoba 1989 liliiharibu vibaya, na ubomoaji ukaanza mwaka 1991.