Kasisi Asiye na Mjomba: Familia ya Cecil Majaliwa na Nchi ya Nachingwea na Ruangwa

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, ambazo hadi miaka ya 1990 zilikuwa wilaya moja, zimekaa katika sehemu ya Mkoa wa Lindi iliyo kati ya bonde la mto Lukuledi upande wa kusini na mto Mbwemkuru upande wa kaskazini. Wenyeji wake wengi ni Wamwera, ambao kwa vizazi vingi wamechanganyika na Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wangindo, na nchi hiyo ilikuwa njia kabla ya kuwa wilaya, kwa kuwa misafara iliyotoka Ziwa Nyasa kwenda Lindi na Kilwa Kivinje ilipita humo au kandokando yake, ikiwa imebeba pembe za ndovu na kuwasukuma watu waliofungwa minyororo. Historia ya Kanisa la Kianglikana katika wilaya hizi mbili haiwezi kutenganishwa na ile ya Masasi, mji ulio mwendo wa siku mbili hivi kwa miguu kutoka Nachingwea, kwa sababu huko ndiko Kanisa hilo lilikoanzia na huko ndiko lilikoendelea kutawaliwa. Nayo historia ya Masasi haieleweki bila kuangalia jinsi utumwa ulivyovunja familia, na jinsi makasisi wa kwanza, ambao wengi wao walikuwa watumwa waliokombolewa, walivyolazimika kujenga familia mpya.

Makabila yote makubwa ya eneo hili, yaani Wamwera, Wayao, Wamakonde na Wamakua, yalihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, akarithi kwa mjomba na si kwa baba, na mwanamume aliyeoa kwa kawaida alihamia kijijini kwa wakwe zake. Wayao walikiita mbumba kile kikundi cha akina dada na watoto wao kilichokuwa chini ya ulinzi wa kaka yao mkubwa, na heshima ya mwanamume ilipimwa kwa ukubwa wa mbumba aliyoilinda. Biashara ya utumwa ilipokomaa katika karne ya 19, utaratibu huu ulipata mwanya wa hatari: mwanamke aliyenunuliwa au kutekwa hakuwa na kaka wa kumtetea, na kwa hiyo watoto wake wakabaki kwa mume, wakamwongezea watu na nguvu. Kwa njia hiyo machifu waliweza kukuza vijiji vyao haraka, na mtu asiye na mjomba akawa, machoni pa jirani zake, mtu aliyeegemea kwa wengine, hata kama hakuna aliyemwita mtumwa. Jambo hili linastahili kukaziwa, kwa kuwa maandishi mengi ya misheni hulipita haraka, yakidhani kwamba kumfungua mtu mnyororo kulitosha kumrudishia nafasi yake katika jamii.

Misheni iliyohusika ni ile ya Vyuo Vikuu, inayojulikana zaidi kwa herufi zake UMCA, iliyoanzishwa nchini Uingereza baada ya hotuba ya David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Baada ya jaribio lake la kwanza katika milima ya Shire kushindwa, misheni hiyo ilihamia Zanzibar mwaka 1864 chini ya Askofu William Tozer, na huko ikawa inapokea watoto waliokamatwa katika majahazi ya watumwa. Wavulana walisomeshwa Kiungani na wasichana Mbweni, na mkataba wa mwaka 1873 ulipofunga soko la watumwa la Zanzibar, Kanisa Kuu la Kianglikana lilijengwa Mkunazini palepale penye soko. Askofu Edward Steere, aliyemrithi Tozer na ambaye utafiti wake wa Kiswahili bado unakumbukwa, aliona kwamba watu hao hawawezi kubaki kisiwani milele, na mwishoni mwa mwaka 1876 aliongoza msafara wa watu waliokombolewa, zaidi ya 50, wanaume kwa wanawake, kutoka Lindi kupitia nchi ya Wamwera kuelekea bara. Kusudi lilikuwa kufika karibu na Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walitekwa, lakini walipofika penye vilima vya mawe vya Masasi walipapenda na kutua. Katika msafara huo alikuwapo John Swedi, mmoja wa wavulana wa kwanza kabisa kupokelewa na misheni, ambaye mwaka 1879 alikuwa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa ushemasi, yaani daraja la kwanza la utumishi wa altareni, chini ya ukasisi.

Kijiji hicho cha kwanza hakikudumu kwa amani. Septemba 1882, wiki chache tu baada ya Steere kufariki Zanzibar, Wangoni waliojulikana huku kama Magwangwara walivamia Masasi, wakaua, wakateka na kuchoma nyumba, na Padri William Porter akawafuata hadi kwao kujaribu kuwakomboa mateka. Watu waliokuwa wametolewa utumwani mara moja walitekwa mara ya pili. Makao ya misheni yakahamishiwa Newala, chini ya ulinzi wa chifu Matola wa Wayao, na kuanzia hapo ikawa dhahiri kwamba Kanisa haliwezi kuishi katika kijiji cha wageni peke yao, bali ni lazima liingie katika vijiji vya wenyeji.

Mtu aliyeifanya kazi hiyo kuliko wote alikuwa Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akakombolewa na kulelewa na misheni Zanzibar, akasoma Kiungani, kisha katika miaka ya 1880 akapelekwa Uingereza kwenye Chuo cha Mtakatifu Augustino mjini Canterbury. Alimwoa Lucy Magombeani, ambaye naye alikuwa zao la misheni. Mwaka 1886 alipewa ushemasi, na mwaka huohuo akapelekwa Chitangali, kati ya Masasi na Newala, katika kijiji cha chifu wa Kiyao aliyeitwa Nakaam, ambaye baadaye alibatizwa kwa jina la Barnaba. Mwaka 1890 Askofu Charles Smythies alimpa Majaliwa ukasisi, na hivyo akawa Mwafrika wa kwanza kuwa kasisi katika UMCA.

Kwa miaka 11 Chitangali ilikuwa mahali pa matumaini makubwa kuliko vituo vingine vya misheni katika eneo la Ruvuma. Wamisionari wa Kizungu walikuja na kuondoka, wengine kwa homa na wengine kwa kifo, ilhali Majaliwa alikaa, akajenga kanisa na shule, akafundisha kwa lugha ya watu na kuwaandaa vijana ambao baadaye wangekuwa walimu na makasisi. Siri ya mafanikio hayo inaweza kutafutwa katika elimu yake na bidii yake, lakini nafasi yake kijijini ina uzito uleule. Alikuwa Myao aliyerudi kwa Wayao, kwa hiyo hakuwa mgeni, lakini hakuwa na ukoo wa kumdai wala wa kumtetea, na kwa sababu hiyo alimhitaji Nakaam kama vile Nakaam alivyomhitaji yeye. Chifu alipata mtu wa kusoma na kuandika, mtu wa kuzungumza na Waingereza, na baadaye na Wajerumani ambao utawala wao ulianza kuonekana katika miaka hiyo. Kasisi naye alipata kijiji na ulinzi. Uhusiano huo wa chifu na kasisi unastahili kupewa uzito zaidi kuliko mahubiri yoyote yaliyohubiriwa Chitangali.

Hapohapo ndipo swali la jando na unyago, yaani mafunzo ya kuwaingiza vijana utu uzima, lilipoanza kuwasumbua Wakristo. Bila jando mvulana hakuhesabiwa kuwa mtu kamili, wala hakuweza kuoa kwa heshima, lakini sherehe zenyewe ziliambatana na mambo ambayo Kanisa halikuyakubali. Suluhisho lililojulikana sana lilikuja baadaye, chini ya Vincent Lucas, aliyefika Masasi mwaka 1909 na kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, ambaye aliruhusu jando la Kikristo lenye sala na maungamo. Sifa zimemwendea Lucas, na hakika anazistahili, lakini asingeweza kulifanya jambo hilo bila makasisi na walimu Waafrika waliolijua jando kwa ndani.

Mwaka 1897 Majaliwa aliondoka Chitangali na kurudi Zanzibar, na sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa elimu ya watoto wake. Waandishi wengine wameiona hatua hiyo kama kuchoka, au kama kuiacha kazi ikiwa bado changa. Ukiitazama kwa kipimo cha ukoo, inaonekana tofauti kabisa. Mtoto wa Kiyao, Kimwera au Kimakonde alirithi kwa mjomba wake. Watoto wa Cecil na Lucy, ambao wazazi wao wote wawili waling'olewa kwao wakiwa wadogo, hawakuwa na mjomba wa kuwarithisha shamba, jina wala cheo. Urithi pekee ambao wazazi hao waliweza kuwaachia ulikuwa ule waliopewa wenyewe, yaani shule, na shule bora ilikuwa Zanzibar. Baba aliyetazama mbali hakuwa na njia nyingine, na ni haki kumhesabia uamuzi huo kuwa sehemu ya utumishi wake.

Miaka minane baadaye, Vita vya Maji Maji vilipofika kusini mashariki, vituo vya Kikristo viliteketezwa kimoja baada ya kingine: Masasi ya Waanglikana ilichomwa, na vivyo hivyo Lukuledi na Nyangao za watawa Wabenediktini wa Kikatoliki, ambao mwaka 1906 walianzisha makao mapya Ndanda. Wamwera wengi waliingia katika vita hivyo dhidi ya Wajerumani, na njaa iliyofuata iliacha vijiji vingi vitupu. Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia: wamisionari Waingereza wakazuiliwa na Wajerumani, makasisi na walimu Waafrika wakabaki kushika Kanisa katikati ya mateso na upagazi wa kulazimishwa, na Oktoba 1917 majeshi ya Waingereza yakateka Ruponda, katika Nachingwea ya leo, ambako Wajerumani walikuwa na ghala kubwa la chakula. Kanisa lililosimama tena baada ya hapo lilikuwa tayari limezoea kuongozwa na watu wa nchi.

Watu hao hawakuwa tena wakombolewa pekee. Katika kizazi kilichomfuata Majaliwa walitokea makasisi waliozaliwa vijijini na wenye koo kamili, na baadhi yao walizigeuza koo hizo kuwa maandishi: Padri Yohana Abdallah, aliyefanya kazi upande wa Nyasa, alichapisha mwaka 1919 historia ya Wayao kwa Kiyao, na Padri Kolumba Msigala wa Masasi aliandika kumbukumbu za maisha yake ambazo wanahistoria huzitegemea hadi leo. Nachingwea yenyewe ilikua ghafla kuanzia mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilipoleta matrekta ya mradi wa karanga, reli na maelfu ya vibarua kutoka kila upande. Mradi ulipoachwa mwaka 1951, baada ya kupoteza pauni zipatazo milioni 36, mji ulibaki na watu wengi waliokuja bila wajomba wala wazee wao. Parokia za mji huo zilikuwa chini ya Dayosisi ya Masasi, ambayo kuanzia 1960 hadi 1968 iliongozwa na Trevor Huddleston, mpinzani mashuhuri wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, na aliyepokea uaskofu baada yake alikuwa Mwafrika, Hilary Chisonga, miaka 78 baada ya Majaliwa kuwekewa mikono kuwa kasisi.