Kizibao, nembo na mahaba: zilikotoka riwaya za klabu za pikipiki

Mwishoni mwa juma la Julai 4, 1947, waendesha pikipiki wapatao 4,000 walimiminika Hollister, mji mdogo wa wakulima huko California, kwa ajili ya mashindano ya sikukuu. Wengi walilewa, baadhi wakashindana kwa kasi katika barabara kuu ya mji, kadhaa wakalala rumande. Ghasia zile zingesahaulika mapema kama si picha moja. Jarida la Life la Julai 21 lilimwonyesha jamaa mnene amekalia Harley-Davidson, chupa ya bia kila mkono, na chupa tupu zimetapakaa chini ya magurudumu. Mtu aliyeshuhudia alikuja kusimulia kwamba chupa zile zilikusanywa na kupangwa ili picha inoge.

Mwaka 1951 Frank Rooney aliandika hadithi fupi kutokana na kisa hicho, na mwaka 1953 ikatoka filamu ya The Wild One, ambayo wakaguzi wa filamu Uingereza waliizuia hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Watazamaji walimpenda Marlon Brando. Wanaklabu wa pikipiki wenyewe walivutiwa zaidi na Lee Marvin, aliyeigiza mhuni mchafu mwenye fulana ya mistari. Frank Sadilek, rais wa tawi la San Francisco la klabu ya Hells Angels, alifunga safari hadi Hollywood akainunua fulana ile, akawa anaivaa. Hapo ndipo ninapopata shida na wasomaji wanaodai riwaya za klabu za pikipiki zifanane na “maisha halisi”. Uhalisia wenyewe ulishonwa nusu na sinema.

Hata nembo ya “asilimia moja” wanayovaa wanaklabu ina asili ya kutiliwa shaka vilevile. Inasemekana Chama cha Waendesha Pikipiki cha Marekani kilitamka kwamba asilimia 99 ya waendeshaji ni watu watiifu. Klabu za kihuni zikajitangaza kuwa ile asilimia iliyobaki. Chama chenyewe kinasema hakijapata kumbukumbu yoyote ya tamko hilo. Nembo ingali kifuani.

Mapenzi yaliingia katika hadithi hizi baadaye sana. Tamthilia ya Sons of Anarchy, iliyorushwa kuanzia 2008 hadi 2014, ilichukua mgogoro wa Hamlet ikaupeleka katika klabu ya California. Wakati huohuo Amazon ilikuwa imewafungulia waandishi mlango wa kujichapishia vitabu bila kupitia kwa mhariri. Mwaka 2012 Kristen Ashley alitoa riwaya ya Motorcycle Man, na Januari 2013 Joanna Wylde akatoa Reaper's Property. Baada ya hapo wakaja waigaji kwa mamia, wengi wao wakiwa wameiona klabu kwenye runinga tu.

Msomaji mzoefu huwatambua mapema. Anatazama kwanza ngazi za madaraka: rais, makamu wake, mweka hazina, msimamizi wa nidhamu, kiongozi wa msafara. Anamtazama mwanagenzi, ambaye kwa miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, hufagia, hulinda pikipiki usiku na kutumwa bia, huku akisubiri wanachama wampigie kura. Shujaa akipewa nembo kamili sura ya pili kwa sababu tu ni hodari wa ngumi, kitabu kimeshaharibika. Vilevile akipanda pikipiki ya Kijapani. Sonny Barger wa Oakland, jina kubwa kuliko yote katika Hells Angels, alikiri katika kumbukumbu zake kwamba pikipiki za Kijapani zilikuwa bora, lakini klabu haikuwa tayari kuiacha Harley.

Kisha kuna mgongo wa kizibao. Juu hukaa jina la klabu, katikati nembo, chini jina la eneo. Kitambaa hicho cha chini ni dai la utawala, na ruhusa ya kukivaa huombwa kwa klabu inayotawala eneo hilo. Mei 17, 2015, huko Waco, Texas, watu 9 waliuawa kwa risasi katika ugomvi wa klabu za Bandidos na Cossacks, na chanzo kimojawapo kilichotajwa ni Cossacks kuvaa neno “Texas” bila idhini. Mwandishi anayelijua hilo hahitaji kubuni magendo ya silaha ili apate kisa, kitambaa kinamtosha. Ila jina la klabu abuni mwenyewe, kwa kuwa Hells Angels wamesajili alama zao na si wavivu wa kwenda mahakamani. Mwaka 2010 waliishtaki nyumba ya mitindo ya Alexander McQueen.

Jambo gumu kuliko yote ni mwanamke. Katika klabu hizi hawezi kuwa mwanachama, haingii kikaoni, haelezwi kilichojadiliwa. Mke au mpenzi anayetambuliwa hupewa kizibao chenye maneno ya kumtangaza kuwa mali ya fulani. Riwaya ya mapenzi, kwa upande wake, inamtaka mwanamke awe kiini cha kila kitu. Waandishi wengi huukwepa mgongano huo kwa kumfanya rais wa klabu awe mpole kama padri. Wylde, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari, aliukabili: neno “mali” (Property) likawa sehemu ya jina la kitabu chake, na Marie, mhusika mkuu wa kike, analichukia waziwazi kabla ya kuamua atafanya nini nalo. Sons of Anarchy nayo ilifahamu mpaka huo. Gemma, mama wa ukoo, anawaendesha wanaume wote kwa hila, lakini katika misimu 7 hapati kiti wala kura kwenye meza ile.

Kwa hiyo mwandishi anayemkalisha kipenzi cha rais kikaoni, akampa na kura, amwandikie mapenzi yake kwingine. Hiyo si riwaya ya klabu ya pikipiki.