Mshipa wa mkono ni tegemeo la mgonjwa wa figo

MGONJWA wa figo anapofikishwa hospitalini akiwa hoi, mwili umevimba na pumzi zinamwishia, daktari hushughulika kwanza kutafuta njia ya kuifikia damu yake. Mashine ya kusafisha damu yaweza kuwapo, ila haina kazi pasipo njia hiyo. Ndipo mrija wa plastiki hupitishwa katika mshipa mkubwa wa shingo. Mrija huo huokoa maisha siku hiyo, lakini ukikaa sana huwa mlango wa viini vya maradhi kuingia katika damu.

Kwa muda wa saa nne hivi, damu hutolewa kwa kasi ya takriban mililita 300 kwa dakika, ikachujwa na kurudishwa mwilini. Mishipa ya kawaida ya mkononi, ile idungwayo tunapopimwa damu, haihimili kasi hiyo.

Tatizo hili ni kongwe. Daktari Willem Kolff aliunda mashine yake nchini Uholanzi mwaka 1943, lakini kila mara alilazimika kukata mishipa mingine ya mgonjwa, na mishipa ina kikomo. Mnamo 1960 huko Seattle, Marekani, Belding Scribner alibuni mrija wa kudumu mkononi. Mgonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, aliishi miaka 11 zaidi. Mwaka 1966 madaktari wa New York, wakiongozwa na Brescia na Cimino, walieleza njia inayotegemewa hadi leo: kuunganisha ateri na vena za mkono wa mgonjwa mwenyewe.

Kiungo hicho huitwa fistula, jina ambalo wasomaji wengi wamelizoea kwa maradhi yanayowapata akina mama baada ya uzazi mgumu. Mambo haya mawili hayahusiani. Hapa, nguvu ya damu ya ateri huipanua vena na kuikomaza hadi ihimili sindano mbili nene kila kikao.

Lakini mshipa huo huhitaji majuma kadhaa, pengine miezi mitatu, kabla ya kutumika. Kwa hiyo upasuaji wafaa kufanywa mapema, mgonjwa angali anatembea na kufanya kazi zake. Figo hudhoofika kimyakimya, na anayesubiri kuvimba miguu huwa amechelewa. Wenye kisukari na shinikizo la damu wanapaswa kupimwa damu na mkojo kila mwaka, hata wakijihisi wazima.

Aliyeambiwa kwamba figo zake zimedhoofika sana na aulinde mkono asiotumia kuandikia. Awaombe wauguzi wachukue damu kwenye mgongo wa kiganja, wala wasiidunge mishipa ya kigasha. Ombi hilo si ubishi. Muuguzi mwenye ujuzi atalielewa.

Fistula ikishatengenezwa, mkono huo haupimwi shinikizo la damu, hauvishwi bangili ya kubana, haulaliwi, wala haubebi mtungi wa maji. Kila asubuhi mgonjwa aweke vidole juu yake. Atahisi mtetemo, mfano wa paka akoromaye kwa starehe. Mtetemo ukitoweka, huenda damu imeganda ndani, na ni lazima afike hospitalini siku hiyo hiyo. Asingoje zamu yake ya kusafishwa damu.

Bima ya NHIF, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na SHA Oktoba 2024, ilikuwa ikigharamia vikao viwili kwa juma. Mwenye vikao vichache kiasi hicho hana nafasi ya kupoteza kimoja kwa sababu ya mrija ulioziba.

Hata aliyepandikizwa figo asiharakishe kutaka fistula ifungwe. Upandikizaji wa kwanza uliofaulu, Boston mwaka 1954, ulikuwa baina ya pacha wa kufanana. Wengine humeza dawa za kuuzuia mwili kuikataa figo ngeni muda wote inapofanya kazi, na baadhi ya figo hizo hushindwa baada ya miaka. Hilo likitokea, mwenye mshipa uliotunzwa hurudi kwenye mashine bila kutobolewa shingo.