Kufunga wagonjwa katika huduma za dharura

Kufunga wagonjwa katika huduma za dharura ni kuzuia mwili wa mgonjwa kwa mikanda, bandeji, shuka au mikono ya watu, pale anapoonekana anaweza kujidhuru au kudhuru wengine. Ni tofauti na kumtuliza kwa dawa, ingawa mara nyingi mambo hayo mawili hufuatana.

Wanaofungwa zaidi

Tafiti za hospitali za Marekani na Ulaya zinataja wanaume, vijana, waliolewa pombe au dawa za kulevya, wenye historia ya ugonjwa wa akili na walioletwa na polisi. Nchini Marekani wagonjwa Weusi hufungwa zaidi kuliko Wazungu. Kwa hiyo si hali ya mgonjwa peke yake inayoamua. Hofu ya anayempokea nayo imo. Wazee hufungwa kwa sababu nyingine: wamechanganyikiwa na wanang'oa dripu au mpira wa mkojo.

Nchini Tanzania mgonjwa anaweza kufika hospitali akiwa tayari amefungwa kamba na ndugu zake. Hapo wauguzi humkuta amekwisha kuitwa kichaa kabla hajapimwa.

Magonjwa yanayofanana na wazimu

Hili ndilo jambo zito kuliko yote. Mtu anayepiga kelele na kurusha mikono huenda akili yake ni nzima kabisa, ila ubongo wake umekosa sukari au oksijeni. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imeshuka hutoka jasho, hupepesuka na kugomba kama mlevi. Akipewa sukari kwenye mshipa hutulia baada ya dakika chache. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo na hali inayofuata degedege la kifafa huleta fujo kama hiyo.

Katika mkoa wa Kilimanjaro pombe huchanganya mambo zaidi. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, hunywewa sana Marangu na vijiji vingine vya mlimani. Kijana aliyeanguka na bodaboda akafika ananuka mbege huhesabiwa kuwa amelewa tu, kumbe damu inavuja ndani ya fuvu. Kinyume chake pia hutokea: mnywaji wa kila siku hulazwa kwa kuvunjika mguu, na siku ya pili au ya tatu huanza kutetemeka na kuona vitu visivyokuwepo, kwa kuwa ameacha pombe ghafla. Huyo anahitaji dawa. Kamba humzidishia hofu.

Wapanda mlima nao wamo. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895, na anayepanda haraka anaweza kuvimba ubongo. Dalili zake ni kupepesuka, kuchanganyikiwa na kukataa msaada. Tiba ni kumteremsha mara moja, oksijeni na dawa ya deksamethasoni. Wapagazi wakilazimika kumfunga kwenye machela asianguke, hilo halibadili haja ya kushuka.

Madhara na taratibu

Kufungwa kunaweza kuchubua ngozi, kuumiza neva za mikono, kugandisha damu miguuni na kumfanya mgonjwa apaliwe na matapishi. Kumlaza kifudifudi huku amekandamizwa kumewahi kuua. Miongozo mingi hutaka kwanza kuzungumza naye kwa upole, ndugu anayemwamini akiwepo, na kupima sukari, oksijeni na joto mapema iwezekanavyo. Ikibidi kufunga, sababu na saa huandikwa, mgonjwa hukaguliwa mara kwa mara, agh. kila dakika 15, na hufunguliwa mara anapotulia.

Pale ambapo muuguzi mmoja ana wagonjwa wengi usiku, ukaguzi huo ni mgumu, na kamba hugeuka badala ya mlinzi.

Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na mwaka 2009 iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu.