Akili Batini, si Nusufahamu

Imenijia mkononi karatasi ya mafunzo ya afya ya akili, ya zile zinazogawanywa hapa Mombasa, Likoni na Changamwe, siku hizi, na ndani yake yaelezwa kwamba sehemu kubwa ya matendo yetu ya kila siku huendeshwa na nusufahamu. Walioitunga siwataji. Neno hilo hawakulibuni wao. Walilipokea kutoka kwa wakubwa wa istilahi, wakaliamini kama tunavyoaminishwa mambo mengi yenye muhuri. Neno lenyewe, hata hivyo, sitalinyamazia. Jambo linalokusudiwa msomaji alijua: kuna akili ijijuayo inapofanya kazi, na kuna ile ifanyayo kazi mwenyewe asijue. Ubishi ni wa majina, na katika majina ndimo tulimokosewa.

Tuanze na fahamu. Asili yake ni Kiarabu, mzizi wa fe, he na mimu, maana yake kuelewa. Lilipotia nanga pwani likaongeza kazi. Kwa Mswahili, fahamu ni kuelewa, na pia ni ule uhai wa hisi unaomtenga aliye macho na aliyezirai. Aliyeanguka kwa jua la saa saba huambiwa amepoteza fahamu; akimwagiwa maji akafumbua macho, fahamu zimemrudia. Ndivyo wasemavyo wauguzi wa Port Reitz na ndivyo asemavyo muuza kahawa wa Magongo. Sasa mwambie mama wa Mtongwe kwamba mwanawe yu katika nusufahamu, uone kama hatajitwika mikono kichwani. Atadhani mtoto yu mahututi, kumbe mtoto yupo barazani, mzima wa afya, atikisa mguu bila kujijua.

Na hiyo nusu imetoka wapi? Mfaransa Pierre Janet, katika kitabu chake cha 1889 kuhusu matendo yanayojiendea yenyewe, alitumia istilahi yenye kiambishi cha Kilatini, sub. Maana ya sub ni chini. Chenye maana ya nusu ni kiambishi kingine, semi, na wawili hao si ndugu. Waungwana wa kamati ya istilahi waliona chini wakaandika nusu, wakagonga muhuri, wakaenda kula chakula cha mchana. Hata kama wangetafsiri sawasawa wangejitwika mzigo ambao Sigmund Freud mwenyewe aliutua. Freud hakuipenda istilahi hiyo ya chini ya fahamu. Alilalamika kwamba haijulikani kama msemaji akusudia mahali palipo chini, au akusudia fahamu nyingine ya pili iliyojificha. Yeye akashika neno la Kijerumani lenye maana ya kisichojulikana na mwenyewe. Kwa hivyo tumepokea nusu ya neno ambalo bingwa wa fani alilikataa zima.

Kundi la pili la wataalamu lapatikana katika vitabu vya uhakiki wa fasihi, nalo latupa ung'amuzibwete. Hapa nakiri kwamba ufundi upo; neno limeundwa kwa viungo vya nyumbani na lajaza kinywa. Ila maana yake yapigana yenyewe kwa yenyewe. Kung'amua ni kugundua jambo kwa kupambanua dalili, na tendo hilo ni la mtu aliye macho kabisa. Kukaa bwete ni kukaa bila kazi, kama wakaavyo vijana wasioajiriwa penye vivuli vya Mishomoroni. Ukiviunga viwili hivi wapata mgunduzi asiyegundua. Tena, tangu matangazo ya televisheni ya Kenya yahamie dijitali mwaka 2015, king'amuzi katika nyumba za Kisauni ni kile kisanduku kilicho chini ya runinga. Mwanafunzi wa kidato cha pili akisikia ung'amuzibwete, la kwanza analodhani ni kwamba malipo ya mwezi yamekwisha.

Kosa kubwa zaidi la bwete ni kwamba akili inayosemwa haijakaa bwete hata kidogo. Mtazame mtu aliyeishi Likoni miaka mingi kisha akahama akapanga Kisauni. Jioni akitoka kazini Moi Avenue, kichwa chake kimejaa hesabu za karo, na miguu yamshusha feri. Hushtuka akiwa katikati ya umati, asikia honi, akumbuka kwamba nyumba yake i upande mwingine wa mji. Hakuzirai wala hakulala. Alivuka barabara, akakwepa mikokoteni, akamjibu jirani salamu. Kazi yote hiyo ilifanywa, tena kwa ustadi, na mtendaji hakuulizwa. Wapo pia abiria wa feri yenyewe, ambao lango la chuma halijagusa ukingo lakini nyayo zao zishaanza kwenda. Mlio wa mnyororo ndio uliowaamuru.

Wanasayansi nao wamelichungulia jambo hili. Mwaka 1983 Mmarekani Benjamin Libet na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu waliombwa kukunja kifundo cha mkono wakati wowote wapendao, huku wakitazama nukta inayozunguka kwenye saa, kisha waseme nukta ilikuwa wapi walipohisi wameazimia. Umeme wa ubongo ulionekana kuanza kupanda takriban theluthi moja ya sekunde kabla ya wenyewe kulijua azimio lao. Wanafalsafa wangali wanavutana kuhusu maana ya matokeo hayo, na wavutane. Kwangu yatosha kwamba aliyetangulia kuamka hawezi kuitwa bwete.

Neno ninalolisimamia ni batini. Akili dhahiri, na akili batini: hilo ndilo pendekezo langu. Nililipeleka kwa maandishi, kwa heshima zote zinazopasa, kwa wale ambao kazi yao ni kupokea mapendekezo. Jibu lao limekuwa kimya, na kimya cha ofisi si kama kimya cha bi harusi. Hakina maana ya kukubali.

Mzizi wa batini ni be, twe na nuni. Kwa Kiarabu mzizi huo hutoa neno la tumbo, na kutokana na tumbo likatoka neno la kilicho ndani, kisichoonekana kwa nje. Sisi wa pwani siri twaiweka kifuani, ndiyo maana mpayukaji husemwa hana kifua. Waarabu waliishusha chini kidogo. Msomaji asidhani kwamba mzizi huu ni mgeni kwetu. Fundi wa Kongowea akishona koti hulitia bitana, na bitana ni dada wa batini, tumbo moja. Ndicho kitambaa cha ndani ambacho mvaaji hakioni wala mtazamaji hakijui, ilhali ndicho kinacholipa koti umbo. Sijui mfano unaoieleza akili hii vizuri zaidi ya huo, nao ulikuwa ndani ya neno siku zote, kama wakubwa wa istilahi wangalijishughulisha kuutafuta.

Mwenzake, dhahiri, ni wa mzizi wa dhwe, he na re. Hutoa neno la mgongo, yaani upande wa mwili unaoonekana juu, na hutoa pia adhuhuri, saa ambayo jua limesimama na hakuna cha kufichika. Dhahiri na batini ni jozi ya kale. Mtoto wa chuoni Bombolulu aliyehifadhi majina 99 ya Mwenyezi Mungu huyataja mawili hayo yakifuatana kabla hajajua kuandika jina lake mwenyewe. Waarabu wa leo nao, walipotaka neno la jambo hilihili, walisema al-aql al-batin, wakamaliza. Wao walichukua kilichokuwa kabatini mwao. Sisi, wenye kabati lilelile, tulikwenda kukopa kiambishi Roma na tukakikopa kimakosa.

Mwenzangu mmoja mwenye shahada nyingi alisimama katika warsha moja kisiwani akaniuliza, kwa tabasamu ambalo nalikumbuka vizuri, iwapo najua kwamba akili kwa Kiarabu yatoka kwa kamba. Naam, najua. Iqali ni kamba ya kumfunga ngamia mguu asipotee, na jina hilohilo limebaki kwa ile kamba nyeusi wavaayo kichwani watu wa Ghuba. Hoja yake ilikuwa kwamba akili ni kifungo, na kisichojijua hakiwezi kuwa kifungo, hivyo akili batini ni mkanganyiko. Watu wakacheka. Sikupewa nafasi ya kujibu kwa sababu muda wa chai ulikuwa umewadia, basi najibu hapa. Hakuna mahali ambapo mtu amefungwa sana kama katika mazoea yake. Dereva wa tuktuk wa Chaani hajui kwa nini hupunguza mwendo kila apitapo pahali palepale. Lilikuwapo shimo, limezibwa zamani, na mguu wake bado watii. Hiyo ni kamba, tena ya kukazwa. Aliyekanganyikiwa na aketi.

Wapo wanaopinga kwa sababu nyingine, kwamba batini ni Kiarabu mno. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama ingetoka kwa mtu anayesema Kibantu kitupu. Nusu ni Kiarabu, na fahamu ni Kiarabu. Nusufahamu ni Kiarabu mara mbili na kosa mara moja. Tena wanaolia hivyo hawalii wakitumia dhahiri, ambalo kila chifu, kila wakili na kila mhubiri hulitumia bila kuomba ruhusa. Mume amekubaliwa nyumbani, mke aambiwa alale nje.

Kwa kweli ugomvi huu ni wa zamani kuliko mimi. Mkutano wa 1928, uliofanyika hapahapa Mombasa, ndio ulioamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Wageni walikaribishwa mjini, na Kimvita kikatolewa mlangoni pake mwenyewe. Kamati ikaundwa mwaka 1930, na tangu hapo maneno yetu huhukumiwa na watu wasioyasikia. Marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa, alituonyesha njia: alichimba kwanza katika lahaja na katika maneno ya kale, na ndiye aliyetupa runinga. Walimcheka, kisha wakalitumia. Nami sidai kimo chake. Nadai tu kwamba mchimbaji akileta dhahabu aulizwe uzito wake, asiulizwe amepanda feri au ndege.

Wengine watauliza kwa nini tusichukue semi za mtaani. Ni kweli kwamba watu wa mitaani hawakungoja istilahi ili walijue jambo. Husema nimepitiwa wanapotenda wasichokusudia. Machale yamenicheza wanapohisi hatari kabla ya kuiona. Moyo umenituma wanapofanya jambo wasiloweza kulieleza. Na mwaka 1901, Freud alipotoa utafiti mzima kuhusu makosa ya ulimi na usahaulifu wa kila siku, sisi tulikuwa na methali ya maneno manne: lililo moyoni ulimi huiba. Semi hizi nazipenda zote. Lakini kila moja yakamata kipande: kupitiwa ni kosa tu, machale ni hatari tu, moyo umechukuliwa zamani na mapenzi na hautarudishwa. Istilahi yatakiwa iwe mwavuli wa zote, na mwavuli huo ni batini.

Matumizi ni mepesi: akili dhahiri na akili batini kwa nomino, -a kibatini kwa kivumishi, kubatinika kwa jambo lililokwisha kuwa mazoea, na kubatinisha kwa kulifanya liwe hivyo, kama mwanafunzi wa udereva anavyobatinisha klachi na gia.

Namwomba basi mwalimu wa saikolojia wa Likoni, mfasiri wa karatasi za afya wa Changamwe na mtangazaji wa redio anayesikilizwa Kisauni, kila mmoja kwa nafasi yake, aandike akili batini leo na kesho, bila kuomba kibali. Kamati hazitungi lugha. Husajili ambayo watu wamekwisha kuisema. Karatasi ile ya mafunzo ikichapishwa tena, nusufahamu na ifutwe, na isirudi hospitali isipokuwa kwa mgonjwa aliyezirai kweli.