Jivu la Keekee

Katika orodha ya maneno aliyoichapisha mwaka 1870, Edward Steere, mmisionari Mwingereza wa Unguja aliyekuja kuwa askofu, alifika kwenye neno keekee. Angeweza kuandika kwamba ni chombo cha kutobolea mbao, kisha akapita. Badala yake alikivunjavunja chombo chenyewe: chuma ndiyo keekee, mti uliochomekewa chuma hicho ni msukano, kishikio cha juu ambamo msukano huzunguka ni jivu, na kinachouzungusha ni uta.

Aliyewahi kumtazama fundi wa mashua akifanya kazi ataiona picha nzima. Mkono mmoja umekandamiza jivu, mwingine unavuta uta mbele na nyuma, ugwe umeuzonga msukano, na unga wa mbao unamwagika kandokando ya tundu. Maneno manne kwa zana moja, na kila neno lina kazi yake. Kwamba jivu hapa halihusiani na la jikoni, Steere hakuona haja ya kueleza.

Kamusi za wageni wa wakati ule zimejaa fasili za namna hiyo. Ya Ludwig Krapf, Mjerumani aliyeishi Rabai karibu na Mombasa, ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Ukitafuta neno moja humo unajikuta umeingia arusini, shambani, hata kwa mganga. Padri Charles Sacleux, Mfaransa aliyefanya kazi Bagamoyo na Unguja, alikuwa pia mtu wa mimea, na kamusi yake ya 1939 mara nyingi humtajia msomaji jina la Kilatini la mti.

Nadhani ujinga wao ndio uliowafaa. Mgeni hajui keekee ni nini, hivyo analazimika kuuliza: hiki kinaitwaje, na hiki je, kinafanya nini? Mwenyeji anayetunga kamusi anakijua chombo tangu utotoni, na anadhani kila mtu anakijua. Basi mbele ya jina la samaki anaandika "aina ya samaki" na kugeuza ukurasa. Mtoto wa Jibondo akisomewa fasili hiyo atacheka, maana anajua samaki huyo anavuliwa kwa mshipi au kwa jarife, na ana miba wapi.

Jibondo ni kisiwa kidogo kusini mwa Mafia, na pamoja na Chole kina jina kubwa kwa uundaji wa vyombo. Huko ndiko pa kuzipima alama ambazo kamusi za zamani zilipenda kuyabandika maneno: nadra, la kale, halisikiki sana. Halisikiki kwa nani? Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyofuata ikasimamia kamusi ya Frederick Johnson, iliyochapishwa 1939. Neno ambalo halikupita ofisini lilionekana limezeeka, hata kama mafundi walikuwa wakiitana nalo kutwa.

Chukua kazi ya kuzuia maji. Pamba inapigiliwa katikati ya mbao: hiyo ni kalafati. Mbao zinapakwa sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, ambayo harufu yake haina sifa yoyote. Chini, panapokaa majini, panapakwa deheni ya shahamu na chokaa. Msomaji wa Dodoma huenda akayaita maneno haya ya kale. Kwa mwenye chombo kinachovuja ni ya leo asubuhi.

Yako yaliyokufa kweli. Mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, chenye tanga la mkeka, hausafiri tena. Mtunzi wa Kigiriki wa Periplus, mwongozo wa safari za baharini wa karne ya 1, alitaja vyombo vya kushonwa kwenye kisiwa alichokiita Menouthias, na wako wataalamu wanaodhani kisiwa hicho ni Mafia. Neno mtepe linastahili alama ya ukale, kwa kuwa chombo chenyewe kimeondoka. Lakini ukale si udhuru wa kulifasili kwa ufupi. Hapo ndipo fasili inapotakiwa kuwa ndefu, kwa sababu hakuna tena wa kumwonyesha mtu kwa kidole.

Na liko linalokwenda kinyume: potwe. Papa huyu mwenye madoadoa, mkubwa kuliko samaki wote duniani, hujikusanya karibu na Kilindoni, kisiwani Mafia, kati ya Oktoba na Machi, na watalii huja kuogelea naye. Kamusi ikimwita "aina ya papa" tu, mgeni aliyepanda ndege kutoka Dar es Salaam kumfuata atakuwa anamjua kuliko mwanafunzi wa Mwanza mwenye kamusi mkononi.