Uganda: Nini hupimwa katika mwili wa mpiga makasia, na namba hizo husema nini?

Kathleen Noble aliingia katika kumbukumbu za michezo ya Uganda alipokuwa mwanamichezo wa kwanza wa nchi hiyo kushindana katika kupiga makasia kwenye Olimpiki, mjini Tokyo mwaka 2021. Mwaka 2024 alishiriki tena mjini Paris. Mchezo huo ungali mchanga katika nchi zinazopakana na Ziwa Victoria, na kila kocha anayeunda kikosi hukutana mapema na swali la mwili: je, kiasi cha mafuta na misuli alichonacho kijana kinaweza kueleza kasi yake majini?

Jibu ni kwamba kinaeleza sehemu tu. Mbio za Olimpiki ni za mita 2,000 na huchukua takriban dakika sita hadi nane. Mpiga makasia huketi, na uzito wake hubebwa na chombo, tofauti na mkimbiaji anayeubeba mwenyewe kila hatua. Ndiyo maana mabingwa wengi ni watu warefu wenye misuli mingi. Hata hivyo, kila kilo inayoongezeka huzamisha chombo kidogo zaidi, na maji hukivuta nyuma zaidi. Misuli hulipa nauli yake kwa nguvu inayotoa, ilhali mafuta ya ziada ni abiria asiyelipa. Kwenye mashine ya mazoezi ya nchi kavu abiria huyo haonekani, kwa kuwa mashine haielei. Kwa sababu hiyo mtu mzito anaweza kung'ara ukumbini kisha akashindwa ziwani na mwenzake mwepesi.

Kifaa cha bei nafuu

Vipo vipimo vya gharama kubwa, kama mashine za eksirei zinazotenganisha mfupa, misuli na mafuta. Ipo pia mizani inayopitisha umeme hafifu mwilini, ambayo ni rahisi kutumia lakini huyumbishwa na maji aliyokunywa mtu asubuhi hiyo. Kwa vilabu vingi kifaa kinachofaa ni kalipa, koleo dogo linalopima unene wa mkunjo wa ngozi pamoja na mafuta yaliyo chini yake. Utaratibu unaotumika kimataifa huchukua sehemu nane, miongoni mwake nyuma ya mkono wa juu, chini ya mfupa wa bega, tumboni, pajani na kwenye kigimbi. Milimita za sehemu zote hujumlishwa.

Ingefaa kuishia kwenye jumla hiyo. Tatizo huanza inapogeuzwa kuwa asilimia ya mafuta, kwani hesabu hiyo hutegemea miili ya watu waliopimwa kwingine. Milinganyo ya Durnin na Womersley ya mwaka 1974, inayotumiwa sana hadi leo, ilitokana na wakazi wa Scotland. Mlinganyo wa Siri wa mwaka 1961 nao huchukulia kwamba sehemu ya mwili isiyo na mafuta ina densiti ileile kwa watu wote. Mwaka 1984 watafiti nchini Marekani walipendekeza mlinganyo mwingine kwa wanaume weusi, wakieleza kuwa densiti yao ni kubwa zaidi, na mjadala kuhusu pendekezo hilo haujaisha. Tofauti si ndogo: mwili wenye densiti ya gramu 1.07 kwa sentimita ya ujazo hupewa asilimia 12.6 ya mafuta na mlinganyo wa kwanza, na 16.0 na wa pili. Mtu ni yuleyule. Kumwacha kijana nje ya kikosi kwa pengo kama hilo ni dhuluma iliyovikwa joho la sayansi.

Thamani ya kalipa hupatikana mpimaji akiwa mmoja, saa ikiwa ileile, na mwanamichezo akilinganishwa na nafsi yake ya miezi iliyopita. Milimita zikipungua huku muda wa mita 2,000 ukiboreka, mazoezi yanazaa matunda. Zikipungua na muda ukidorora, huenda kijana hali chakula cha kutosha.

Hatari ya wepesi

Hofu hiyo ina historia. Daraja la uzito mwepesi liliingia Olimpiki mwaka 1996. Mwanamume hakuruhusiwa kuzidi kilo 72.5 na mwanamke kilo 59, na wastani wa wafanyakazi wa chombo kimoja ulikuwa kilo 70 na 57. Upimaji ulifanyika saa moja hadi mbili kabla ya mbio, na baadhi ya washindani walijinyima maji na chakula ili wapite. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu wa nishati kwa wanamichezo, hali inayoweza kukatiza hedhi na kudhoofisha mifupa. Kwa wapiga makasia, nyufa za mbavu ni jeraha linalojulikana sana.

Paris ilikuwa Olimpiki ya mwisho kwa daraja hilo. Los Angeles mwaka 2028 itakuwa na mbio fupi za ufukweni, ambamo mshindani hukimbia mchangani, hupiga makasia mita 250 kwenda na 250 kurudi, kisha hukimbia tena hadi mwisho. Huko uzito ambao chombo kiliubeba utarudi miguuni mwake.